Je, Wajua? Nishani ya Tembo na Mpiga Mzinga wa Maiwand

Je, wajua kwamba kuna nishani ya vita yenye picha ya tembo? Ni Nishani ya Afghanistan, ambayo Uingereza iliwapa askari wake wa vita vya 1878 hadi 1880. Upande mmoja yupo Malkia Victoria; upande wa pili, msafara wa askari na tembo aliyebebeshwa mzinga.

Je, wajua kwamba kipigo kikubwa kuliko vyote walichopata Waingereza katika vita hivyo hakimo kwenye nishani hiyo? Juu ya utepe vilipachikwa vibao vya fedha vyenye majina ya mapigano: Ali Musjid, Peiwar Kotal, Charasia, Kabul, Ahmed Khel na Kandahar. Maiwand haimo. Hapo, tarehe 27 Julai 1880, majeshi ya Ayub Khan, kiongozi wa Waafghani, yalikivunja kikosi cha Uingereza cha askari wapatao 2,500, na karibu 1,000 wakauawa. Aliyepigana Maiwand tu alivaa nishani bila kibao. Kwangu hiyo ni dhuluma: risasi za siku ya kushindwa huua vilevile.

Waafghani wao hawakuisahau siku hiyo. Husimulia habari za msichana Malalai aliyewatia moyo wapiganaji, na mwanaharakati Malala Yousafzai amepewa jina lake.

Je, wajua habari za James Collis? Alikuwa mpiga mzinga, umri miaka 24. Siku iliyofuata pigano la Maiwand, Waingereza wakirudi nyuma kuelekea Kandahar, kigari cha mzinga kilichobeba majeruhi kilikuwa kikimiminiwa risasi kutoka pande mbili. Collis alikimbia mbele peke yake ili adui amlenge yeye, wenzake wapite. Akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa.

Je, wajua kwamba hata wanyama walivishwa nishani? Bobbie, mbwa aliyenusurika Maiwand, alipewa Nishani ya Afghanistan na Malkia mwenyewe mwaka 1881. Vonolel, farasi wa Jenerali Roberts wa Uingereza, alipata nishani hiyo pamoja na nyota ya shaba ya safari ya Kabul hadi Kandahar. Shaba ya nyota hizo ilitoka kwenye mizinga iliyotekwa kwa Ayub Khan.

Mbwa na farasi hawakupokonywa chochote. Collis alipokonywa. Mwaka 1895 alipatikana na hatia ya kuoa mke wa pili ilhali ndoa ya kwanza haijavunjwa, na Victoria Cross yake ikafutwa. Hata hivyo, Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alirudi jeshini. Alifariki mwaka 1918, akazikwa Wandsworth, London.

Miaka miwili baadaye Mfalme George V alitoa msimamo wake: mwenye Victoria Cross asinyang'anywe, hata akihukumiwa kunyongwa kwa mauaji. Tangu hapo hakuna aliyenyang'anywa, na jina la Collis limo kwenye orodha ya mashujaa hao.