Uzi wa Kushonea Kidonda: Utolewe au Uachwe?

Mtoto ameanguka, amekatika mguu na kushonwa. Mkifika nyumbani unajiuliza: je, uzi huu hautamdhuru?

Nyuzi za hospitali ni za aina mbili. Ya kwanza huyeyuka. Nyingi hutengenezwa kwa plastiki maalumu ambayo maji ya mwilini huivunja polepole. Hushikilia kidonda wiki kadhaa, kisha huisha kabisa baada ya miezi michache. Mama akijifungua kwa upasuaji, mji wa mimba hushonwa kwa uzi wa aina hii.

Ya pili haiyeyuki, kwa mfano nailoni. Mwili huivumilia, lakini hauwezi kuivunja kwa haraka. Kwenye ngozi ni lazima itolewe: usoni baada ya siku 5 hivi, mguuni siku 10 hadi 14. Ukichelewa, huacha alama na huweza kukaribisha viini.

Kwa hivyo, kabla ya kuondoka muulize muuguzi: "Huu ni uzi gani, na nirudi lini?" Usiuvute wala kuukata mwenyewe. Ukiona usaha, wekundu unaoenea au homa, mrudishe mtoto hospitalini siku hiyo hiyo.