Dereva Aliyetazama Asione: Jicho, Ubongo na Mwendesha Skuta

Baada ya gari kugongana na skuta au pikipiki kwenye njia panda, dereva wa gari aghalabu husema neno moja tu: "Sikumwona." Wasikiaji huguna. Ni mchana kweupe, barabara imenyooka, kioo cha gari ni safi, na mtu mzima amepanda chombo chenye kishindo, itakuwaje asionekane? Kwa hiyo watu huamua kwamba dereva huyo ama anasema uongo, ama alikuwa akichezea simu. Wako kweli madereva wa namna hiyo, na sheria iwashughulikie. Lakini uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kuwa wengi wanaotamka maneno hayo husema kweli. Waligeuza shingo, wakatazama upande ule ule alikotoka mwendesha skuta, na bado hawakumwona. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, kwani anayepanda skuta bila ya kulijua huyaweka maisha yake katika macho ya mtu mwingine, na macho hayo yana mipaka yake.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani, lilikadiria kwamba kati ya kila watu 100 wanaokufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, 28 ni watumiaji wa vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu. Uchunguzi mashuhuri wa chanzo cha ajali hizo uliongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, ukachapishwa mwaka 1981. Watafiti walikwenda wenyewe mahali pa ajali zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles na kuzichunguza moja baada ya nyingine. Kiasi cha robo tatu ya ajali hizo zilikuwa za pikipiki kugongana na chombo kingine, hasa gari dogo. Na katika theluthi mbili za migongano hiyo, aliyeingia katika njia ya mwenzake pasipo haki alikuwa dereva wa chombo hicho kingine, wala si mwendesha pikipiki. Ajali iliyojirudia kuliko zote ilikuwa hii: pikipiki inakwenda moja kwa moja, na gari linalokuja kutoka mbele yake linakata kona na kuikingamia. Huko Marekani, ambako magari hupita upande wa kulia, kona hiyo ni ya kushoto. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, tunakopita kushoto, ni kona ya kulia. Mwalimu anayechora picha hii ubaoni kutoka katika kitabu cha kigeni hana budi kuigeuza kwanza.

Tuanze na jicho. Wanafunzi wa Baiolojia hufundishwa kuwa jicho ni kama kamera. Mfano huo unafaa kwa lenzi, lakini unapotosha kwa retina. Filamu ya kamera hupokea picha kwa usafi ule ule kila mahali, retina sivyo. Karibu na katikati yake kuna kishimo kidogo kiitwacho fovea, na ni hapo tu ambapo seli za koni zimesongamana kiasi cha kutupatia picha kali. Eneo tunaloliona kwa ukali huo ni la nyuzi 2 hivi, yaani upana wa kidole gumba mkono ukinyoshwa mbele ya uso. Msomaji aweza kulithibitisha hilo sasa hivi. Akazie macho neno moja katikati ya mstari huu, asiyahamishe, kisha ajaribu kusoma neno la tano upande wa kushoto au wa kulia. Ataona kuwa kuna neno, lakini hataweza kulisoma.

Mbona basi hatuhisi kwamba dunia yetu ina ukungu pembeni? Ni kwa sababu macho hayatulii. Huruka kutoka mahali hadi mahali, mara tatu hivi kwa kila sekunde, nao ubongo huviunga vipande vinavyoletwa kuwa picha moja isiyo na mshono. Tena wakati wa kuruka kwenyewe, ubongo hupunguza sana habari zinazotoka machoni ili tusione dunia ikipepesuka. Jaribio lake halihitaji maabara. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Hutaona macho yako yakihama hata mara moja. Mwenzako aliyesimama kando, hata hivyo, atayaona yakihama waziwazi.

Sasa mfikirie dereva aliyefika njia panda akiwa na haraka. Anageuza kichwa mara moja kulia na mara moja kushoto. Katika mgeuzo huo macho yake hutua labda mara tatu au nne, na kati ya kituo kimoja na kingine haoni kitu cha maana. Lori au basi ni kubwa mno kupotea katika mapengo hayo. Skuta yaweza kupotea nzima. Jambo hili lisichanganywe na lile la doa pofu, mahali ambapo mshipa wa fahamu hutokea nje ya jicho. Doa pofu la jicho moja kwa kawaida hufidiwa na jicho la pili, nalo si chanzo kikubwa cha ajali tunazozieleza hapa.

Lakini hata picha ikifika kwenye fovea, safari haijaisha. Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walichapisha jaribio ambalo sasa ni maarufu. Watu walionyeshwa filamu fupi ya wachezaji wakirushiana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya filamu mtu aliyevaa vazi la gorila alipita polepole kati ya wachezaji. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao hayakuwa na kasoro yoyote. Ubongo ulikuwa umepewa kazi nyingine, nao ulikitupa kisichohusika na kazi hiyo. Dereva anayesubiri nafasi ya kuingia barabara kuu naye ana hesabu yake: anatafuta magari, na pengo baina ya gari na gari. Kilicho ndani ya pengo, kama si gari, chaweza kuhesabiwa kuwa ni pengo. Inaelekea kwamba mazoea hubadili hesabu hiyo. Watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2006 uchambuzi wa ajali za Ulaya, wakaona kuwa madereva wa magari wenye leseni ya pikipiki pia walikuwa na hatia mara chache zaidi katika ajali za gari na pikipiki kuliko wasiokuwa nayo.

Hapa Fizikia inaingia. Kitu chenye upana w kikiwa umbali D kutoka machoni huonekana kwa pembe ya w/D radiani, ilimradi pembe yenyewe ni ndogo. Skuta na mpandaji wake, wakitazamwa kutoka mbele, wana upana wa meta 0.7 hivi, gari dogo lina meta 1.7. Kwa umbali wa meta 60, gari huonekana kwa pembe ya nyuzi 1.6, na skuta kwa nyuzi 0.67, ambayo ni pungufu ya upana wa kidole kidogo cha mkono ulionyoshwa. Lakini ukubwa peke yake haumwambii dereva kama kitu kinakuja au kimesimama. Kinachotujia moja kwa moja hakihami kushoto wala kulia. Dalili yake kubwa ni kule kukua kwake machoni. Kasi ya kukua kwa pembe ni wv/D², ambapo v ni mwendo wa chombo. Tuseme v ni meta 15 kwa sekunde, yaani kilometa 54 kwa saa. Katika umbali ule wa meta 60, gari hukua kwa nyuzi 0.41 kwa sekunde, na skuta kwa nyuzi 0.17 tu. Kwa kuwa D imezidishwa kwa yenyewe, skuta ikifika meta 30 ukuaji wake huwa mara nne ya ule wa kwanza. Ndiyo kusema kwamba kwa muda mrefu skuta huonekana kama imesimama mbali, kisha kwa ghafla ikafura. Dereva asemaye "kaibuka tu" anaeleza kwa usahihi kile ambacho jicho lake lilimletea. Usiku hali huwa mbaya zaidi. Gari lina taa mbili, na dereva hulikisia kwa jinsi taa hizo zinavyoachana kadiri linavyokaribia. Skuta ina taa moja, na taa moja haina cha kuachana nacho.

Iko sababu nyingine isiyohusu ubongo kabisa, nayo ni ya Jometri. Kila gari lina nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele. Chukulia nguzo yenye upana wa sentimeta 10, iliyo sentimeta 70 kutoka machoni mwa dereva, na macho yake yameachana kwa sentimeta 6.5. Mwanafunzi akichora mistari kutoka kila jicho kupita ukingo wa nguzo, ataona kuwa kwa umbali wa meta 40 nguzo huficha kutoka macho yote mawili eneo lenye upana wa meta 2. Skuta haifiki urefu huo. Swali linalofuata ni hili: skuta inakwenda na gari linakwenda, kwa nini isichomoze nyuma ya nguzo mapema? Manahodha wanalijua jibu. Chombo kingine kikizidi kukaribia huku kwenye dira kinaonekana upande ule ule bila ya kubadilika, vitagongana. Hata Kanuni za Kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zimeliandika hilo. Vivyo hivyo barabarani: vyombo viwili vilivyo katika mwendo usiobadilika na vitakavyogongana, kila kimoja humwona mwenzake katika pembe ile ile mpaka mwisho. Skuta iliyojificha nyuma ya nguzo hubaki humo, na huanza kutokeza vyombo vinapokuwa karibu sana, maana kwa umbali wa meta 10 nguzo ile huficha nusu meta tu.

Mpandaji afanyeje? La kwanza ni kujitofautisha na mandhari. Utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, ulilinganisha waendesha pikipiki waliopata ajali na wasiopata. Waliovaa nguo za rangi ya kung'aa au za kurudisha mwanga walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 37. Wenye helmeti nyeupe, wakilinganishwa na wenye nyeusi, kwa asilimia 24. Na waliowasha taa mchana kwa asilimia 27. Wanafunzi wazipokee tarakimu hizi kwa uangalifu, kwa kuwa mtu anayechagua helmeti nyeupe huenda pia ni mwangalifu katika mambo mengine, na si rahisi kuyatenganisha hayo mawili. Hata hivyo rangi na taa ni vitu vya gharama ndogo.

La pili halihitaji fedha hata kidogo. Mpandaji anayekaribia njia panda aliko gari linalosubiri, baada ya kuhakikisha kuwa nyuma yake hakuna chombo, aweza kuhama kidogo ndani ya njia yake kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kuhama huko huivunja ile pembe isiyobadilika, huweza kumtoa nyuma ya nguzo, na zaidi ya yote hulipa jicho la dereva kile linachokitambua upesi hata kwa pembeni, yaani mwendo wa kukatiza. Kinyume chake ni kujipenyeza katikati ya misururu ya magari, desturi iliyoenea mijini. Huko humweka mpandaji mahali ambapo dereva hana sababu ya kumtarajia.

Wapandaji wengi hutegemea kukutana macho na dereva. Tegemeo hilo ni dhaifu, maana tumekwisha ona kuwa macho yaweza kuelekea kitu bila ya kukiona. Afadhali kutazama gurudumu la mbele la gari: likianza kuzunguka, gari limeanza kuondoka, hata kama uso wa dereva umekugeukia.

Mwisho kuna mwendo. Kwa meta 15 kwa sekunde, mpandaji anayehitaji sekunde moja kabla ya kushika breki hupita meta 15 bila ya kupunguza chochote. Breki nzuri ya kupunguza meta 6 kwa sekunde katika kila sekunde itamchukua meta 19 zaidi. Jumla ni meta 34. Kwa meta 10 kwa sekunde jumla ni meta 18, na vidole vikiwa tayari juu ya breki, huenda zikapungua tena. Tofauti hiyo ya meta 16 hupita urefu wa basi.

Shule yenye gari yaweza kulipima suala la nguzo kwa vitendo. Gari lisimamishwe uwanjani, injini ikiwa imezimwa, na mwanafunzi mmoja aketi kwenye usukani bila kusogeza kichwa. Mwingine achukue ubao wenye upana wa sentimeta 70, aende umbali wa meta 40, kisha atembee polepole kukatiza mbele ya nguzo. Aliyeketi apige kelele ubao unapotoweka na unapotokea tena, na wenzao wapime nafasi iliyo baina ya alama hizo mbili, wakikumbuka kujumlisha upana wa ubao wanapotafuta eneo lililofichwa. Warudie kwa meta 30, 20 na 10. Kisha aliyeketi asogeze kichwa chake sentimeta 20 mbele, na vipimo vichukuliwe upya. Majibu yaandikwe katika jedwali na kulinganishwa na yale yanayopatikana kwa hesabu ya pembetatu.