Ajizi Ni Nyumba ya Njaa: Tuitoe "Kesho" Katika Biashara za Nyumbani

Hapa Nakuru, ninakoishi kwa miaka kadhaa sasa, watu wetu wa Pwani hawakosi. Utawakuta Bondeni, mtaa mkongwe wenye Waislamu wengi, utawakuta Shabab, na wengine wametawanyika hadi Gilgil na Naivasha. Nyumba nyingi zina biashara ndogo inayofanyiwa jikoni au sebuleni: mahamri na mbaazi, viazi karai, sambusa, achari, ushonaji wa madera, hina za maharusi, udi na manukato. Nakuru ni jiji tangu 1 Desemba 2021, na walaji wa vyakula vya Kiswahili hawapungui. Hata hivyo nimeona biashara kadhaa za namna hii zikizimika kabla ya kutimiza mwaka, wateja wangali wakiuliza. Kilichoziua ni kuahirisha. Nazi zitaagizwa kesho, madeni yatadaiwa kesho, daftari litaanzwa mwezi ukiandama.

Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa. Methali ni ya kweli, lakini mara nyingi tunaitumia kumsuta mtu badala ya kumsaidia. Mama anayeamka kabla ya Alfajiri, akawaandaa watoto wa shule, akafua, akapika, akamwangalia mgonjwa wa nyumbani, huwezi kumwita mvivu. Na huyo huyo ndiye ambaye hajaandika hesabu za biashara yake kwa miezi mitatu. Basi tutafute sababu nyingine.

Kwa nini kazi ya nyumbani huahirishwa

Aliyeajiriwa ana msimamizi, ana saa ya kuingia, ana mshahara unaokatwa akichelewa. Mwenye biashara ya nyumbani hana hata kimoja. Sebule ndiyo ofisi, na sebuleni kuna mtoto, mgeni, televisheni na simu. Tena hasara ya kuahirisha haionekani siku ile ile. Usipopika chakula cha usiku, watoto watalia. Usipoandika jina la aliyekopa mahamri 20, leo halii mtu. Utalia mwenyewe mwisho wa mwezi, mwenye nyumba akibisha hodi.

Sababu ya pili ni lengo lenyewe. "Nataka biashara ikue" ni matamanio mema, lakini hayakuambii ufanye nini Jumatatu asubuhi. Mtu asiyejua pa kuanzia hushika kilicho karibu, na siku hizi kilicho karibu ni simu.

Funzo la wakulima wa Busia

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa Kenya, ingawa si kwa wapika mahamri. Wataalamu wa uchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walikwenda kwa wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi mwa nchi, kutafuta kwa nini wengi hawakutumia mbolea ilhali ilikuwa ikilipa. Walichokiona ni hiki: mkulima ana nia ya kununua mbolea, na baada ya mavuno ana pesa, ila husema atanunua baadaye. Kati ya kuvuna na kupanda pesa huingia kwenye mambo mengine, na msimu ukifika mfuko u mtupu.

Basi wakawaendea baadhi ya wakulima mara tu baada ya mavuno wakawaambia: lipa sasa, mbolea utaletewa bila gharama ya usafiri, lakini nafasi hii ni ya muda mfupi. Walionunua wakaongezeka. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2011, na mwaka 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi zao kuhusu umaskini.

Wakulima wale hawakuhubiriwa kuhusu uvivu, wala bei ya mbolea yenyewe haikushushwa. Walipewa nafasi ya kuamua pesa ikiwa ingali mkononi. Kwetu sisi mavuno ni jioni ya mauzo mazuri, au siku tunapolipwa oda ya harusi. Unga, mafuta na sukari za wiki ijayo zinunuliwe siku hiyo hiyo, kabla jamaa wa kukopa hajapiga simu.

Lengo liwe na tarehe na kiasi

Binti wa ndugu yangu anauza mahamri hapa mjini. Kwa muda mrefu wimbo wake ulikuwa mmoja: "Ami, nataka kununua mashine ya kukandia unga, inshallah." Nikamwambia tukae chini tuipigie hesabu hiyo inshallah.

Tuseme mashine ni shilingi 36,000 na anaitaka baada ya wiki 24. Hiyo ni shilingi 1,500 kwa wiki. Anapika siku 6, kwa hivyo ni shilingi 250 kwa siku. Akipata faida ya shilingi 5 kwa kila hamri, basi mahamri 50 ya kila siku ni ya mashine, na yanayozidi hapo ni ya nyumba. Lengo lililokuwa mawinguni likashuka hadi kwenye karai. Sasa akienda kulala anajua ametimiza au hakutimiza, bila kumuuliza mtu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi sote twaijua methali hiyo. Daftari lenyewe si lazima liwe la mhasibu. Safu tatu zatosha: kilichotoka, kilichoingia, na nani anadaiwa. Ni kazi ya dakika 10 ikifanywa kila siku. Ikingojewa mwisho wa mwezi huwa ni kazi ya kutwa nzima, tena ya kubahatisha.

Na ile shilingi 250 iwekwe mbali na pesa za matumizi. Robinson huyo huyo, pamoja na Pascaline Dupas, walichapisha mwaka 2013 utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, ulioonyesha kuwa hata kisanduku cha chuma chenye kufuli kiliwasaidia watu kuweka akiba ya mahitaji ya afya. Ufunguo walikuwa nao wenyewe. Lakini pesa ikishapewa jina na mahali pake, ni rahisi kumwambia anayeomba, "Hiyo si yangu, ni ya mashine."

Funga kazi na swala

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba nia peke yake haitoshi. Mtu hutimiza zaidi akijipangia mapema lini, wapi na vipi: likitokea jambo fulani, nitafanya jambo fulani. Sisi Waislamu tuna vipindi 5 vinavyotujia kila siku, hatuhitaji kutafuta kengele nyingine. Baada ya Adhuhuri, nitawapigia simu watu watatu ninaowadai. Baada ya Alasiri, nitanunua unga. Baada ya Isha, nitaandika daftari kisha nikande.

Hilo la kukanda usiku lina uzito wake hapa. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai si mchezo. Unga ambao kwa joto la Mombasa huumuka upesi, huku huchelewa. Anayesema "nitakanda alfajiri" atakuwa na unga ulolala vile vile wakati wateja wake wanapita kwenda kazini. Nusu saa aliyoiahirisha usiku imemla asubuhi nzima. Na nazi ni hivyo hivyo: zinatoka Pwani, zinapitia Nairobi, na anayeagiza siku zimekwisha hununua kwa bei atakayotajiwa.

Kazi ikikutisha kwa ukubwa, ikate. Chukua cheti cha afya cha wanaoshughulika na chakula, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Wengi hukisogeza mbele kwa sababu kinawajia akilini kama safari nzima ya foleni na vipimo. Leo usiku weka tu kitambulisho na nauli mezani. Kesho asubuhi utajikuta umeshaanza.

Bei ya dakika ya mwisho

Kila mwaka mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA ni 30 Juni, na kila mwaka foleni hurefuka siku za mwisho. Faini ya mtu binafsi anayechelewa inaanzia shilingi 2,000. Kwa hesabu yetu ya juu, hiyo ni faida ya mahamri 400.

Lakini lililo zito zaidi kwetu ni riba. Aliyeahirisha kuweka akiba, karo ikidaiwa hukimbilia simu. Hata Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022, hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na mikopo mingine ya simu ni ghali kuliko hapo. Nimewasikia watu wakisema dharura iliwalazimu, na dharura za kweli zipo. Ila karo ya Januari si dharura. Inajulikana tangu Januari iliyopita. Mtu anayeogopa riba kwa dhati ataanza kuiogopa mapema, siku pesa inapoingia.

Mtafute shahidi

Mwisho, usilibebe lengo peke yako. Mwambie mume, mama au dada, au wenzako wa chama: "Ijumaa hii nitakuonyesha shilingi 1,500." Watu wetu wanaochelewa katika mambo yao wenyewe huwa hawachelewi kupeleka mchango wa chama, kwa sababu pale kuna anayesubiri na kuna haya. Haya hiyo itumie kwa biashara yako pia.

Na siku itakayoharibika, kwani zipo za mtoto kuugua na za stima kupotea, usijaribu kulipa mahamri 100 kesho yake. Andika "sikutimiza" kwenye daftari, urudi kwenye 50 zako. Wengi hawaangushwi na siku moja iliyopotea. Huangushwa na kusema kwamba wiki imeshaharibika, basi tuanze Jumatatu.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujalala leo andika vitu vitatu: kiasi unachotaka, tarehe unayokitaka, na kazi moja utakayoifanya kesho pamoja na swala utakayoifuatishia. Karatasi moja yatosha. Wabillahi tawfiq.