Matibabu ni Bure, Nauli Je?

Fistula ya uzazi ni ugonjwa wa maskini. Nasema hivyo bila kusita, maana chanzo chake kinajulikana hatua kwa hatua, na kila hatua ina bei yake. Mama anashikwa na uchungu, mtoto hashuki. Pengine nyonga ni nyembamba, pengine mtoto amekaa vibaya tumboni. Mwenye uwezo hupakiwa kwenye gari, akafikishwa hospitali, akapasuliwa, na kesho yake shangazi na wifi wanaingia wodini na chupa ya uji. Asiye na uwezo hubaki chumbani akisukuma siku nzima, siku ya pili, wakati mwingine hadi ya tatu. Muda wote huo kichwa cha mtoto kinakandamiza nyama laini za mama dhidi ya mfupa wa nyonga. Damu haipiti. Nyama inakufa. Siku chache baada ya kujifungua inachomoka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Tangu hapo mkojo unatiririka mchana na usiku, na mama hana namna ya kuuzuia. Mtoto, mara nyingi, alikwisha kufariki kabla ya kutoka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka wanawake kati ya 50,000 na 100,000 wanapata tatizo hili, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara na Asia. New York nayo ilikuwa na wagonjwa wa aina hii. Hospitali ya wanawake iliyofunguliwa huko mwaka 1855 ilianza kwa kushona fistula. Leo daktari wa uzazi wa Marekani anaweza kufanya kazi mpaka astaafu bila kukutana na mgonjwa mmoja aliyeipata kwa uchungu wa muda mrefu. Maumbile ya wanawake wa huko hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mama anayekwama anafika kwa mpasuaji kabla saa hazijawa nyingi.

Habari njema ni kwamba tundu lile hushoneka. Fistula isiyo na matatizo makubwa, ikishikwa na mpasuaji aliyeizoea, hupona kwa wagonjwa hadi 9 kati ya 10. Mgonjwa hulazwa kwa muda akiwa na mpira wa mkojo, ili kibofu kipumzike na mshono ushike, kisha anarudi nyumbani mkavu. Ni vigumu kutaja tiba nyingine inayorudisha maisha ya mtu kwa kiasi hicho.

Basi kwa nini mwanamke akae na hali hiyo miaka kumi?

Swali hilo liliikabili hospitali ya CCBRT ya Msasani, Dar es Salaam, ambayo ilianza kama shirika la hisani mwaka 1994. Kwao matibabu ya fistula yalikuwa bure, na wapasuaji walikuwepo. Wagonjwa waliofika walikuwa wachache kuliko wale ambao wangeweza kutibiwa. Wengine hawakujua kwamba hali yao inatibika. Waliamini wamerogwa, au kwamba ndivyo uzazi ulivyowaachia. Lakini wapo waliojua, na bado hawakuja, kwa sababu Dar es Salaam iko mbali na nauli hawana.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana neno nauli husemwa haraka na watu ambao hawajawahi kuikosa. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Kabla ya tiketi ya basi kuna bodaboda ya kutoka kijijini hadi stendi. Kuna chakula cha njiani. Kuna ndugu wa kumsindikiza, naye anahitaji tiketi yake, na akiondoka shamba lake linabaki bila mtu. Mkulima hushika fedha wakati wa mavuno. Miezi mingine yote fedha ikiingia mkononi imeshatengewa chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Juu ya hayo, huyu ni abiria anayetokwa na mkojo. Atakaa kwenye kiti cha basi kutwa, pengine na usiku, amejifunga vitambaa na khanga juu yake, huku abiria wa jirani wakianza kufungua madirisha na kumtafuta konda. Wapo walioshushwa njiani. Kwa mwanamke wa namna hii, tangazo la matibabu ya bure ni ahadi inayoishia mlangoni mwa basi.

Mwaka 2009 CCBRT walianza kutuma nauli kwa simu. M-Pesa ilikuwa imeingia Tanzania mwaka mmoja tu kabla, na watu wengi walikuwa wanaitumia kumtumia mzazi kijijini fedha ya matumizi. Hospitali ikaigeuza chombo cha tiba. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hana simu, kwa hiyo fedha haitumwi kwake. Inatumwa kwa balozi: muuguzi wa zahanati, mwalimu, mchungaji, mama aliyewahi kutibiwa, mtu yeyote wa kuaminika anayeishi karibu naye. Balozi akigundua mwanamke mwenye dalili, anapiga simu hospitali. Akiulizwa maswali na ikionekana kweli huenda ni fistula, nauli inaingia kwenye simu yake. Anakwenda kwa wakala kuitoa, anakata tiketi, anampandisha mgonjwa kwenye basi. Dar es Salaam mtu wa hospitali anampokea stendi. Mgonjwa akishafika, balozi anatumiwa kiasi kidogo cha asante kwa njia ileile.

Katika miaka michache ya mwanzo, idadi ya wanawake waliofanyiwa upasuaji wa fistula hospitalini hapo iliongezeka zaidi ya maradufu. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa. Hakuna jengo lililozinduliwa. Nauli ililipwa, na aliyelipwa kuitafuta njia alikuwa mtu ambaye mgonjwa anamwita dada au mwalimu.

Ninaupenda mpango huu kuliko misaada mingi niliyoisoma na kuiona, na sababu yangu ni hii. Mfadhili hupenda kitu cha kuwekea kibao: wodi, kisima, gari lenye jina ubavuni. Nauli haipigwi picha. Ikishatumika imekwisha, na mwezi ujao inatakiwa nyingine. Lakini maskini hazuiwi na ukosefu wa jengo peke yake. Anazuiwa na gharama ndogondogo ambazo mwenye nacho hazihesabu, na shirika lisilokaa naye chini likazihesabu moja moja litajenga hospitali nzuri ya watu wanaoishi karibu nayo.

Ethiopia walilitambua jambo hilo kwa njia nyingine. Catherine Hamlin na mumewe Reginald, madaktari wa uzazi, walifika Addis Ababa mwaka 1959 kwa mkataba wa muda mfupi, wakabaki. Mwaka 1974 wakafungua hospitali ya fistula pekee. Wanawake waliwafikia kwa miguu na kwa mabasi, baadhi yao wakiwa wameomba omba mpaka nauli itimie. Mmoja wa wagonjwa wao wa mapema, Mamitu Gashe, msichana wa kijijini asiyejua kusoma, alipopona alianza kwa kusaidia kazi wodini, akaingia chumba cha upasuaji kama msaidizi, mwishowe akawa mpasuaji wa fistula anayefundisha madaktari. Hospitali ile ilipokua haikuongeza vitanda vya Addis Ababa tu. Ilifungua matawi mikoani, na mwaka 2007 ikaanzisha chuo cha wakunga ambao hurudi kufanya kazi vijijini. Dk. Hamlin alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 96.

Wakunga wale ndio wanaonirudisha kwenye jambo zito zaidi. Kumsafirisha mwanamke aliyekwisha kuumia ni wema. Kumsafirisha kabla hajaumia ni wema mkubwa zaidi, na huo una saa chache tu. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mjamzito anayekufa au kuumia hucheleweshwa mahali patatu: nyumbani, wakati wa kuamua aende, njiani, wakati wa kufika, na hospitalini, wakati wa kusubiri huduma. Mkunga yeyote wa Sengerema au Tandahimba angewaambia hayo hayo, lakini kuandikwa kwake kulisaidia, kwa sababu kuanzia hapo serikali na mashirika yalianza kuuliza mama amekwama wapi.

Tanzania ililijibu swali la njiani kwa mpango unaoitwa m-mama. Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, ukifadhiliwa na taasisi ya hisani ya Vodafone na wabia wake, kabla ya Serikali kuutangaza kuwa wa nchi nzima mwaka 2022. Dharura ikitokea, zahanati au familia inapiga 115 bila malipo. Muuguzi aliyepo kituo cha simu anauliza dalili, anaamua mama apelekwe wapi, kisha anatafuta ambulansi. Ikikosekana anampigia dereva wa kawaida wa eneo lile, mwenye teksi au gari lake binafsi, aliyekwisha kusajiliwa. Dereva akimfikisha mgonjwa analipwa kwa simu. Hakuna anayeanza kugombana na baba mkwe saa nane za usiku kuhusu nani atoe fedha ya mafuta. Mbinu ni ileile iliyotumika kwa wagonjwa wa fistula, ila sasa imesogezwa nyuma, kwenye usiku ule ambao tundu bado halijatokea.

Wapo watakaosema fedha mkononi mwa maskini hupotea. Kaunti ya Siaya, Kenya, ina jibu. Kati ya 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini zaidi ya 10,000 za huko dola 1,000 kila moja, bila masharti ya matumizi. Wachumi waliorudi baadaye kuhesabu vizazi na vifo wakakuta kwamba, kwa kaya zilizopata fedha, vifo vya watoto wachanga walio chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa waliokaa karibu na kituo chenye daktari, na wajawazito walipunguza kazi ngumu katika miezi ya mwisho. Fedha peke yake bila daktari hufika nusu ya njia, na daktari peke yake bila fedha vivyo hivyo.

Ndiyo maana sikubali kipato kihesabiwe kuwa mradi mwingine, wa idara nyingine, baada ya matibabu. Mwanamke aliyeshonwa fistula akipata mimba tena anatakiwa azae kwa upasuaji, la sivyo mshono unaweza kuachia. Akirudi kijijini mzima lakini hana hata shilingi, mimba ijayo inamkuta palepale ilipomkuta ya kwanza. CCBRT walianzisha Kituo cha Mabinti, Dar es Salaam, ambako wanawake waliotibiwa hujifunza kushona, kuchapa vitambaa, kufuma na kutengeneza mapambo ya shanga, pamoja na namna ya kuendesha biashara ndogo. Wengi walifika hospitali wakiwa wameachwa na waume, wamehamishiwa chumba cha uani, wamezoea kutoonekana kwenye harusi wala msibani. Cherehani inawapa kipato, na kipato kinawapa sauti ya kusema wazae wapi. Wanaopata nafasi hizo kwa mwaka ni wachache mno ukilinganisha na wanaotoka wodini, na hapo ndipo ningependa kuona wafadhili wakigombania nafasi.

Matibabu ya fistula yapo pia katika hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuanza kusema. Ukiwa na jirani ambaye haonekani tena kanisani au msikitini tangu alipojifungua, anayefua vitambaa usiku na kukaa mbali na wenzake, usimuulize mbele za watu. Mtume mwanamke anayemwamini, amkute peke yake, amwambie ugonjwa huu una jina, unatibika, na nauli inaweza kulipwa. Kisha wapige simu hospitali wakiwa wote wawili.