Asidi Fosfatidi: Mjenzi na Mjumbe ndani ya Jani

Ukame wa mwaka 2009 ulipozikausha nyanda za Kitengela na Kajiado, wafugaji wa Kimaasai walipoteza ng'ombe wengi kwa kukosa malisho. Habari za mifugo huzungumzwa sana. Habari za jani lenyewe, jinsi linavyoitambua kiu na kujikinga, huzungumzwa kwa nadra, na kwa Kiswahili ni nadra zaidi.

Katika kujikinga huko imo molekuli moja ndogo, asidi fosfatidi. Umbo lake ni sahili: uti wa gliseroli, asidi mbili za mafuta na fosfati moja. Neno "mafuta" pekee halitoshi kuieleza. Mafuta ya alizeti ni lipidi, lakini hata utando unaoizunguka kila seli umejengwa kwa lipidi, wala hakuna mpishi awezaye kuukaangia. Istilahi "lipidi" inastahili nafasi yake.

Kazi ya kwanza ya asidi hii ni ujenzi. Ikivuliwa fosfati huwa diasiligliseroli. Nayo ikiongezwa asidi ya mafuta ya tatu huwa mafuta ya akiba mbeguni, ama huelekezwa kwenye tando, zikiwamo za kloroplasti. Hapo ndipo ilipo njia panda ya lipidi za mmea.

Kazi ya pili ni ujumbe. Maji yapunguapo, homoni iitwayo asidi absisiki huongezeka, na kimeng'enya fosfolipesi D huzikata lipidi za utando na kuzalisha asidi fosfatidi katika muda wa dakika tu. Asidi hiyo huinasa protini ABI1, ambayo huizuia homoni isitende kazi. Kizuizi kikishanaswa, matundu ya jani hufungwa na maji husalia ndani. Hayo yamechunguzwa zaidi katika Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara: mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba mimea iliyopungukiwa kimeng'enya hicho hupoteza maji upesi. Nyasi na mahindi vina vimeng'enya vya ukoo uo huo.

Wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi. Mmea haukubaliani nao: ujumbe ukishafika, asidi fosfatidi hugeuzwa upesi kuwa lipidi nyingine, kwani ikirundikana huuvuruga utando. Tena kinga hii ina gharama. Jani lililofunga matundu haliingizi kaboni dioksidi, hivyo halikui. Na ng'ombe wa Kajiado huweza kufa njaa juu ya nyasi ambazo mizizi yake ingali hai.