Taji la Mlangoni Wakati wa Mavuno

Watu wa Ulaya na Marekani, yafikapo majira ya kupukutika majani, tangu Septemba hata Novemba, huwa na desturi ya kutundika duara la majani katika mlango wa mbele wa nyumba. Wengine hulitengeneza kwa felti, yaani kitambaa kisichofumwa, bali cha manyoya ya kondoo yaliyoloweshwa maji ya moto na kusuguliwa hata yakashikamana. Felti hukatwa kwa mkasi wala haifumuki, ndiyo sababu yafaa sana kwa kazi ya majani. Baadhi ya mama zetu hapa Kiseke wauliza kama jambo hili linafaa kwetu. Twajibu kwamba linafaa, lakini mlango wa Mwanza si mlango wa Ulaya, na kila apitaye njiani hulisoma alionalo mlangoni.

Kwetu duara la maua ni shada, na shada twalijua makaburini. Mtu akiliona mlangoni pako ataulizia msiba, na jirani mwema ataingia na rambirambi. Tena juu ya mlango ndipo wengine wafungapo dawa za kinga. Na vitambaa vyeupe, vyekundu na vyeusi vikiwa pamoja, watu husema ni vya mganga. Mwenye nyumba aweza kuwa hana neno la namna hiyo moyoni, walakini jina lake likafika sokoni kabla ya jioni. Mwalimu hasa na aangalie, kwa kuwa nyumba yake hutazamwa kuliko nyingine.

Wako waliotushauri kutumia lubugo badala ya felti, na shauri lao lina akili, maana lubugo nacho ni kitambaa kisichofumwa. Ng'ambo ya ziwa, katika Buganda, hupatikana katika gome la mti uitwao mutuba. Gome hupigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifuo mpaka likawa pana na jembamba, na shina lililochunwa hufungwa majani ya mgomba hata gome jipya likaota. Rangi yake ni ya chungu kilichochomwa, nzuri kabisa. Wahaya nao walikivaa zamani, na mwaka 2008 UNESCO iliuandika ufundi huo wa Baganda katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini Baganda huwafunga maiti wao kwa lubugo, na mji wetu una watu wa kila pwani ya ziwa hili. Basi tusilikimbie shada la kaburini na kuiangukia sanda.

Sisi twapendelea vipande vya kitenge. Mafundi wa cherehani huvitupa kwa magunia, na wengi watakushukuru ukivichukua. Chagua manjano, rangi ya chungwa, kijani na hudhurungi; nyeusi iache. Taabu ya kitenge ni kufumuka. Basi pika uji mzito wa unga wa muhogo, upake kati ya vipande viwili, uvibandike pamoja na kuvianika juu ya ubao mpaka vikauke. Hapo kitambaa huwa kigumu, nawe utakikata kama felti. Kielelezo kiwe jani la mkungu, ambalo huwa jekundu kabla ya kuanguka. Ila ulipunguze hata urefu wa kidole cha kati.

Duara lenyewe hakuna mama asiyejua kulifanya, kwa maana ni ngata tu, iliyo kubwa kuliko ile ya kichwani. Sokota nyasi ndefu, zifunge kwa kamba ya katani, upana wake uwe shubiri moja na nusu, kisha lizungushie kitambaa. Majani hamsini hivi yatatosha. Yashone kwa uzi, moja likifunika shina la jingine kama magamba ya sato. Usitumainie gundi peke yake, kwa kuwa mende hupenda muhogo.

Sasa funga upande wa chini masuke matatu ya mtama mwekundu na vitumba vya pamba vilivyopasuka. Hivi ndivyo visemavyo habari ya nyumba, kwa kuwa hatujapata kuona mtu akipeleka mtama na pamba makaburini. Msukuma yeyote apitaye atajua kwamba hapa watu wamevuna. Kwa hiyo wakati wake ni Juni na Julai. Septemba ni kiangazi, na mashamba ni matupu.

Litundike katika ubao wa mlango wenyewe, usawa wa macho, wala si juu ya kizingiti, ili apigaye hodi alione kwa karibu na kuligusa akitaka. Usiku liingize ndani. Mtama utaubadili mara nyingi, kwa sababu ndege watauona kabla ya wageni; na Agosti ikifika, ondoa masuke, lifunge duara katika khanga kuukuu, ulitundike darini, mbali na panya.