Vyombo vya Kukwangulia Ngozi: Jinsi ya Kuvichagua na Kuvitengeneza

Mbuzi achinjwapo nyumbani huko Mwala, Masinga au Yatta, nyama hugawanywa siku ile ile na kila mtu hulijua fungu lake. Ngozi haina mwenyewe. Hutupwa juu ya ua au juu ya paa la banda la kuku, nayo hukaa huko mpaka ikakunjamana na kunuka. Kisha hupewa mchuuzi apitaye na baiskeli kwa bei aitakayo yeye, au huachiwa mbwa.

Hasara hii si ya leo. Katika miaka ya 1940 na 1950 mabwana mifugo walizunguka sehemu nyingi za Kenya wakifundisha watu kukausha ngozi katika fremu za miti, kivulini, badala ya kuziwamba chini kwa vigingi juani. Mafundisho yale yalikuwa mazuri na wengi waliyafuata. Lakini fremu haiwezi kuponya ngozi iliyokwisha kutobolewa kwa kisu, wala ngozi iliyoachwa na mafuta yake. Miaka hii bei ya ngozi mbichi imeshuka mno, na mnunuzi anapokuwa na ngozi nyingi za kuchagua, ile yenye matundu ndiyo huirudisha kwanza. Huko Kenanie, karibu na Athi River, ndani ya kaunti ya Machakos yenyewe, serikali imetenga mahali pa viwanda vya ngozi. Lakini kiwanda hakina dawa ya tundu. Na mtu asiyetaka kuuza, anayetaka kujitengenezea kiti, mfuko, ngoma au mkeka wa kulalia, hasara ya tundu itamfika yeye mwenyewe.

Kwa hiyo yafaa kutazama vyombo vyenyewe, kwani vingi vyaweza kutengenezwa nyumbani au kwa mhunzi wa sokoni kwa gharama ndogo.

Kwanza ijulikane ngozi ni kitu gani. Ina tabaka tatu. Juu kuna manyoya na ngozi nyembamba iliyo kama gamba. Katikati kuna ngozi ya kweli, nayo ndiyo ile igeukayo kuwa ngozi ya kiatu. Chini, upande wa nyama, kuna utando mlaini uliochanganyika na mafuta na vipande vya nyama. Huu utando ni adui. Huzuia chumvi isiingie, huzuia dawa ya kulainishia ngozi isiingie, huita inzi, na ukipigwa na jua kali mafuta yake huyeyuka na kuiunguza ngozi ya katikati. Kazi ya kukwangua ni kuuondoa utando huo wote bila kuigusa tabaka ya katikati. Katika ngozi ya mbuzi tabaka hiyo ni nyembamba sana, haizidi milimita chache. Mtu akiona vitone vidogo vyeusi vikijitokeza upande wa nyama, ajue ameshuka mno, kwani hivyo ni vishina vya manyoya. Manyoya yatang'oka na mahali pale patakuwa dhaifu.

Kazi njema huanza wakati wa kuchuna. Kisu chenye ncha kali, kama kile cha jikoni, ndicho chenye kuleta matundu mengi. Kisu cha kuchunia kiwe na bapa lililopinda kuelekea juu, urefu wa sentimita 15 hivi, na ncha ya mviringo. Asiye nacho aweza kuchukua kisu cha kawaida na kuiondoa ncha yake kwa tupa mpaka iwe butu. Kisu kitumike kwa mikato ya kwanza tu, yaani tumboni na miguuni. Baada ya hapo ngozi ya mbuzi hutoka kwa ngumi: mkono husukumwa kati ya ngozi na nyama huku mkono wa pili ukivuta. Ngumi haijapata kutoboa ngozi hata mara moja.

Jambo moja lazima litajwe hapa, ingawa si la vyombo. Mnyama aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana, na hasa akitokwa na damu puani au nyuma isiyoganda, asichunwe wala asipasuliwe kabisa. Huenda amekufa kwa ugonjwa wa kimeta. Ugonjwa huo huwapata watu kwa kupitia mikwaruzo ya mikononi, na watu hufa kwao. Mbegu zake zikimwagika ardhini hukaa humo miaka mingi. Mzoga uachwe ulivyo, watoto na mbwa wazuiliwe, na afisa wa mifugo aitwe upesi. Hakuna ngozi yenye thamani ya kumzika mtu. Vile vile ngozi za wanyama wa porini haziguswi: uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na mtu akutwaye na ngozi ya namna hiyo bila ruhusa hushtakiwa.

Sasa chombo cha kwanza, ambacho wengi hukisahau kwa sababu si cha chuma, ni gogo. Ngozi iliyotandazwa juu ya jiwe au juu ya meza haikwanguliwi vizuri, kwani kisu hukosa mviringo wa kukiongoza. Yatakiwa gogo lenye urefu wa mita moja na nusu au mbili, lililochongwa upande wa juu likawa mviringo laini kama mgongo wa punda. Mwisho mmoja huinuliwa kwa miguu miwili mpaka ufike kiunoni mwa mfanyakazi, na mwisho wa pili hukaa chini. Ngozi hulazwa juu yake, manyoya chini na nyama juu. Ukingo wake hubanwa kati ya gogo na tumbo la mfanyakazi, na mikono yote miwili hubaki huru kwa kazi. Mti wowote usiopasuka kwa urahisi wafaa. Mgrevilea wa shambani ni mzuri, na jakaranda, mti upendwao na wachongaji wa Wamunyu, ni mzuri pia. Mkalitusi mbichi hupasuka ukikauka, na ufa wake hukamata ngozi. Siku hizi wako watu wanaolivika gogo kipande cha bomba pana la plastiki, nao wamefikiri vizuri, kwa maana plastiki haina fundo wala ufa na huoshwa mara moja.

Fundo la mti ni hatari kubwa kuliko lionekanavyo. Mahali palipoinuka chini ya ngozi, ngozi nayo huinuka, na kisu kikipita hukata kile kilichoinuka. Ndiyo maana gogo lazima lipapaswe kwa kiganja kabla ya kazi, na ndiyo maana manyoya lazima yaoshwe kwanza. Kipande cha kinyesi kilichokauka katika manyoya, au mwiba mmoja tu, chatosha kufanya tundu.

Chombo cha pili ni kisu cha kukwangulia. Hiki ni kisu kirefu chenye mipini miwili, mmoja kila upande, bapa lake likiwa na urefu wa sentimita 40 mpaka 45. Mfanyakazi husimama nyuma ya gogo na kukisukuma mbele na chini, mbali na mwili wake. Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba kisu hiki hakitakiwi kuwa kikali kama wembe. Makali yake yawe kama makali ya patasi iliyotumika siku nyingi, au hata yawe ya pembe mraba, ili yasukume utando na kuung'oa badala ya kuukata. Kisu kikali mkononi mwa mtu asiyezoea huimaliza ngozi kwa dakika moja.

Chuma kizuri kwa kazi hii ni springi ya gari kuukuu. Mhunzi hukata kipande, hukiwasha moto na kukigonga kiwe chembamba kidogo, na kila mwisho huutoa mkia wa kuingia katika mpini. Ule upinde kidogo alio nao springi tangu mwanzo uachwe, kwani hufuata mviringo wa gogo. Ukingo mmoja hupigwa tupa uwe na makali ya wastani, na wa pili huachwa butu kwa ajili ya kukamua mafuta. Mhunzi akitaka kukitia ugumu, akichovye katika mafuta ya injini yaliyotumika, si katika maji baridi, kwani chuma cha springi kikichovywa majini huweza kupasuka. Baada ya hapo akisugue king'ae na kukipasha moto tena polepole mpaka rangi ya dhahabu ianze kugeuka zambarau, ndipo akiache. Asipofanya hivyo kitakuwa kigumu lakini kitavunjika kama kioo. Tupa kuukuu pia hutengenezwa kisu, ila ndiyo yenye kuvunjika upesi zaidi isipolainishwa hivyo, na meno yake yote lazima yasagwe kwanza. Panga lililovunjika ni jembamba na hujipinda. Kwa ngozi ya mbuzi linatosha, kwa ngozi ya ng'ombe halitoshi.

Asiye na chuma hajakosa chombo. Mfupa wa muundi wa ng'ombe, ukikatwa mshazari na ukingo wake kusuguliwa juu ya jiwe mpaka uwe laini, hukwangua ngozi ndogo vizuri sana na ni vigumu kutoboa nao. Huko kusini mwa Ethiopia wanawake wa Konso wameendelea mpaka nyakati zetu kukwangua ngozi kwa mawe yaliyochongwa na kutiwa katika mipini ya miti, na wataalamu wa mambo ya kale wamekwenda kujifunza kwao. Wakamba wenyewe walikuwa na ngozi njema kabla ya duka la kwanza kufunguliwa Machakos: mapipa yao ya asali yalikuwa na vifuniko vya ngozi, na podo za mishale zilikuwa za ngozi. Mtu atazamaye vitu hivyo hawezi kusema kwamba kazi ilishindikana kwa kukosa vyombo vya dukani.

Wakati wa kazi wenyewe hauchelewi: ngozi ikwanguliwe siku ile ile ya kuchinja, ikiwa bado mbichi. Huanzwa katikati ya mgongo na kwenda pembeni, si kutoka pembeni kwenda katikati, kwani pembe za ngozi ni nyembamba na hukunjika chini ya kisu. Kwapani na tumboni mkono upunguzwe nguvu. Mabaki yafukiwe shimoni mbali na mbwa.

Iko pia hasara moja ya rangi. Chuma kinapokutana na maji ya magome ya miwati, yatumikayo kwa kulainisha ngozi, hufanya weusi usiotoka. Kwa hiyo ngozi isitiwe katika debe la bati lililoliwa na kutu, bali katika pipa la plastiki au la mti, wala kisu chenye kutu kisiguse ngozi yenye maji.

Kazi ikiisha, kisu huoshwa, hukaushwa na kupakwa mafuta ya mbuzi yule yule. Kisha hutundikwa juu, mahali ambapo watoto hawafiki, na mahali ambapo mpishi hatakiona akakiazima kukatia nyama na kukitia makali kisiyoyahitaji.